Pointi za Tiketi Mbili

Pale kiwandani, kwenye chumba cha uchapaji, hakuna aliyemwita mwendesha mashine kubwa kwa jina lake. Walisema tu, "Pointi!" na mzee wa watu aligeuka akitabasamu, wino umemjaa mpaka kwenye viwiko. Lakabu hiyo aliipata mwaka ule benki ilipompa kadi ya mkopo yenye zawadi. Kila akitumia mia, aliwekewa pointi moja. Pointi elfu arobaini zilitosha tiketi moja ya ndege, kwenda na kurudi. Na huko ng'ambo alikuwako binti yake wa pekee, muuguzi, na baadaye akazaliwa mjukuu ambaye yeye na mkewe walikuwa hawajamwona ila kwenye simu.

Tangu hapo Pointi alikuwa kama aliyeapa kutogusa pesa taslimu dukani. Wenzake wakienda kula mchana, alilipia meza nzima kwa kadi, kisha akapita kwa kila mmoja na kiganja wazi. "Leteni, leteni, mimi si shangazi yenu!" Kiwanda kikiishiwa karatasi, alijitolea kununua rimu kwa kadi yake, arudishiwe baadaye. Walimcheka mpaka mbavu zikawauma. Lakini kila tarehe ishirini na nane alikuwa dirishani benki, akalipa deni lote, asibakishe hata senti. Kwa miaka mitatu riba hakuijua hata sura yake. Ukimwambia kadi zile ni mtego, alikujibu kwamba mtego humnasa asiyejua kuhesabu, na yeye hesabu anazijua.

Mkewe alikuwa fundi wa mapazia, mwanamke aliyetania bila kucheka. Jioni moja aliinua macho kwenye kitambaa akauliza, "Baba, tumefika wapi?"

"Sitini na moja elfu."

"Hiyo si tiketi moja na nusu? Tuongezee nusu kwa pesa, twende zetu. Mtoto anaota meno. Tukichelewa atatukuta sisi tumeshang'oka yetu."

Pointi alicheka sana. "Subiri kidogo, mama. Zifike themanini, twende wote wawili bila kutoa kitu. Kwa nini ulipie kinachokuja bure?"

"Haya. Wewe ndiye mwenye benki."

Aliuliza tena baada ya mwezi, akajibiwa yale yale, akaacha kuuliza.

Mwaka haukuisha miguu ya mkewe ikaanza kuvimba. Mwanzo walidhani ni kukaa sana kwenye cherehani. Daktari akapima, akavua miwani, akasema ni figo, zote mbili, na kwamba damu yake itabidi isafishwe kwa mashine mara tatu kwa wiki.

Akiba ya nyumbani ilikwisha kwa wiki sita. Wiki ya saba Pointi alisimama mbele ya karani wa malipo wa hospitali akiwa hana mbele wala nyuma, akatoa kadi. Ikapita. Bila kadi ile mkewe angerudishwa nyumbani siku hiyo hiyo, na Pointi hakuwahi kulisahau hilo, hata baadaye alipokuwa na sababu zote za kuichukia. Ila tarehe ishirini na nane ilipofika, kwa mara ya kwanza alilipa kile kiwango cha chini tu kinachokubaliwa na benki. Mwezi uliofuata vivyo hivyo. Riba ikaingia, ikazaa, na deni likawa linakua hata siku ambazo hakununua kitu.

Pointi nazo zikapanda kama hazijawahi kupanda. Siku moja mkewe amelala na mirija mkononi, mashine inaguna pembeni yake, simu ya mumewe ikalia.

"Nani huyo?"

"Benki," akasema, kwa sauti ya chini. "Wananipa hongera. Tumefika sabini na mbili elfu."

Mkewe alimgeuzia kichwa. "Kumbe naumwa kwa faida," akasema, uso mkavu.

Pointi alicheka kama alivyozoea kumchekea. Kisha akatoka kwenye ujia, akageukia ukutani, akalia mpaka muuguzi mmoja akamletea kiti.

Mkewe alifariki Jumanne asubuhi, yeye akiwa kwenye foleni ya malipo. Alirudi wodini na risiti mkononi akakuta pazia limevutwa. Malipo hayo ya mwisho yalifikisha pointi themanini na moja elfu.

Kesho yake alipiga simu benki. Msichana aliyepokea alifungua faili lake, akachangamka. "Hongera, mzee! Tiketi mbili kamili. Mnasafiri lini?"

"Mmoja ameshatangulia, binti yangu. Nataka kuwaleta watu huku. Mtoto wangu na mjukuu."

Msichana akampa pole, kisha akamweleza kwa upole kwamba malipo ya mwezi yamechelewa, na mpaka yalipwe pointi zimefungwa. Wale wale waliokuwa wakimcheka kiwandani wakachanga, wakamkabidhi bahasha bila mzaha wowote. Akalipa. Nafasi ya kwanza kwenye ndege ilikuwa baada ya siku tisa. Mazishi hayakuweza kungoja.

Binti alifika kaburi limeshaanza kukauka. Asubuhi ya pili, mtoto akiwa bado amelala, walikaa jikoni wawili tu.

"Mama aliniambia mnakuja," binti akasema. "Mwaka jana. Nikaomba na likizo. Halafu akawa hataji tena safari. Kulitokea nini, baba?"

Angeweza kusema pesa zilikuwa ngumu. Binti angeamini. Akapiga moyo konde.

"Tulikuwa na pointi za tiketi moja na nusu. Mama yako alitaka tuongezee ile nusu kwa pesa. Nikakataa. Nilitaka ziwe bure zote."

"Nusu tiketi?"

"Nusu."

Binti aliweka kikombe chini. "Nusu tiketi naipata kwa kazi ya siku nne, baba. Mngeniambia tu."

Binti akainuka, akaosha vyombo vilivyokuwa safi, mgongo umemgeukia.

"Nilaumu basi," baba akasema. "Afadhali unilaumu."

"Nikulaumu, halafu nibaki na nani?"

Kabla hajaondoka, binti alimsindikiza benki. Walikaa mbele ya ofisa saa nzima. Deni likageuzwa mkopo wa kawaida, wenye riba nafuu, wa kulipwa kwa miaka mitatu, na kadi ikafungwa. Ofisa alisema wengi wanaofika kwenye kiti kile huanzia kwenye ugonjwa, na Pointi akaitikia kwa kichwa.

Umri wake wa kustaafu ulipita akiwa bado kwenye mashine. Binti alituma sehemu yake kila mwezi bila kuombwa. Mwaka wa pili, kwa pesa alizoweka kidogo kidogo, mzee alinunua tiketi moja, akapanda ndege peke yake.

Mjukuu hakumkumbuka. Siku mbili nzima alijificha nyuma ya mama yake, akimchungulia. Siku ya tatu alikuja mwenyewe sebuleni na viatu mkononi, akavitua mapajani mwa babu, akanyoosha mguu. Mzee akainama, akaanza kumfunga kamba, machozi yakimdondokea mikononi. Mtoto akainamisha kichwa amwone vizuri usoni.

"Babu, kamba zinakuumiza?"

"Hapana, baba," akamjibu. "Lete mguu wa pili."