Baba na Kitufe cha Kuzimia

Laptop ilikuwa bubu tangu asubuhi, na mama angepiga wakati wowote.

Alikuwa hospitali ya mbali, nchi ya watu, akisubiri kupasuliwa moyo. Aliahidi kuwapigia kwa video kabla hajaingizwa chumba cha upasuaji. Kama ana neno la kuwaambia, nafasi yake ndiyo hiyo, na huenda isiwepo nyingine. Binti aliogopa kulitamka hilo. 

Tatizo ni masikio ya baba. Kazi ya kugonga bati iliyamaliza. Kwenye simu husikia mvumo tu. Sharti laptop, na zile spika zake mbili kubwa, ambazo waya wake hauingii kwenye simu. Sasa usiku wa kuamkia leo Windows, kwa kiherehere chake, ikajiletea draiva mpya ya sauti, ile programu inayoziendesha spika, bila kutumwa na mtu. Spika zikafa ganzi.

Binti hakuwa mgeni wa mambo hayo. Kutengeneza kompyuta za watu ndiyo kazi iliyomweka mjini. Akafungua orodha ya vifaa, akaona kile cha sauti kina kialama cha njano cha hitilafu, akaitupilia mbali draiva mpya na kuirudisha ya zamani. Spika zikalia! Akashukuru Mungu, akakimbilia jikoni kunywa maji.

Aliporudi, kimya. Kialama kiko palepale.

Jamani! Akarudia. Zikalia. Akaenda chumbani kuchukua chaja, kurudi, kimya tena. 

Mara ya tatu alirekebisha, akajifanya anatoka, akachungulia mlangoni. Akamwona baba anainama, anabonyeza kitufe, laptop inazima, kisha anaiwasha.

"Baba! Unafanya nini?"

"Naizima niiwashe, ikolee. Hata redio yangu nilikuwa naifanyia hivihivi."

"Kila ukiiwasha inachukua ile draiva mbovu upya!" akamfokea sikioni. "Kumbe ni wewe unayeniua tangu asubuhi!"

Yalimtoka makali kuliko alivyotaka. Mzee akanywea.

Laptop haijatulia, video ikaita. Mama akatokea, kofia ya kijani kichwani, midomo inacheza, sauti hakuna. Nesi alishashika kitanda. Binti akairudia draiva.

"Nakusikia, mke wangu!" baba akapaza sauti. "Nakusikia vizuri kabisa! Sawa! Nitafanya hivyo! Hapo umesema kweli!" Machozi yanamtiririka, anaitikia asichokijua.

Binti akabonyeza. Spika zikakoroma.

"...mwongo mkubwa wewe," sauti ya mama ikajaa sebule nzima. "Husikii hata chembe. Lini ukanikubalia mfululizo bila kubisha?"

 Baba akacheka na kulia kwa pamoja. "Sasa nakusikia."

"Basi sikiliza. Naogopa, mzee wangu. Usiondoke hapo mpaka nitoke."

Kitanda kikasukumwa, video ikakatika.

Binti akaizuia Windows isijiletee tena ile draiva, akamwomba baba radhi, akamsihi akajinyooshe kidogo. Wapi! Mzee hakunyanyuka. Alikaa mbele ya laptop, viganja amevibana makwapani, visije vikakigusa kile kitufe.