Kengele ya Sita

Jumapili niliyomkosea Mzee Norman nilikuwa na maoni, na mimi maoni yangu sijawahi kuyaweka mfukoni.

Tulikuwa sebuleni kwa Shangazi Dinah, Walthamstow, ughaibuni kwa Waingereza, mwaka 2003. Kila Jumapili baada ya kanisa Shangazi alipika chapati na maharagwe, na ilipokaribia saa kumi na mbili na nusu jioni Mzee Norman alipanda ngazi kutoka nyumba ya chini, kofia mkononi, kuja kutazama Kamba Sita. Alikuwa dereva mstaafu wa basi. Mkewe alipofariki, Shangazi alimwambia haifai mtu kuicheka televisheni peke yake. Tangu siku hiyo, miaka minne, hakukosa hata wiki moja.

Kamba Sita kilikuwa kichekesho cha upole, na kilikuwa hewani kwa mwaka wa ishirini na mbili. Wazee sita wa kijiji wanapiga kengele za kanisa, basi. Wiki hii birika linavunjika, wiki ijayo kondoo anaingia kanisani. Mwisho wa kila kipindi walipiga kengele, na kila mara Bwana Ambrose, mpigaji wa sita, alichelewa kuvuta kamba yake kwa sababu hakuwa amemaliza biskuti. Mzee Norman alicheka hapo hapo kila wiki, kana kwamba hakujua kitakachokuja.

Jumapili hiyo walimzika Ambrose, kwa kuwa mwigizaji wake alikuwa amefariki kweli. Mazishi yalichukua dakika nne. Waombolezaji walikuwa kumi na mmoja, niliwahesabu. Walikunywa chai, wakala vipande vya mkate na tango, wenzake watano wakapiga kengele, majina yakapita kwenye skrini.

"Haya ni mazishi au mkutano wa kamati?" nilisema, tena kwa Kiingereza ili kila mtu asikie. "Kwetu hata karani wa chifu huzikwa na watu mia tano. Hakuna aliyelia, hakuna aliyesema neno. Kipindi hiki kilikufa kabla ya Ambrose."

Mzee Norman aliweka kikombe chini. "Asante kwa chai, Dinah," akasema, akachukua kofia yake. Tulisikia hatua zake kwenye ngazi, polepole, kisha mlango.

"Zephaniah," Shangazi aliniita. Siku za amani huniita Zeph. "Umefurahi sasa?"

"Nimetoa maoni tu, Shangazi. Si hii ndiyo nchi ya uhuru wa maoni?"

"Uhuru upo. Na chapati zipo. Jumapili ijayo mzee wangu asipopanda hizo ngazi, utakula maoni yako."

Binti yake Natasha, wa miaka kumi na mitano, anayeelewa Kiswahili chote na kujibu kwa Kiingereza tu, alisema atatafuta nani mwingine ana roho mbaya kama yangu. Jumatano alirudi kutoka maktaba na karatasi tatu alizochapa kwenye kompyuta: maoni ya watazamaji kutoka mtandaoni.

Wa kwanza alinifurahisha. Alisema kipindi kilifaa kuzikwa pamoja na Ambrose. Wa pili aliulizia mahali pa kununua koti kama la mjane. Wa tatu alisema alilia mpaka mbwa wake akaondoka chumbani. Nikacheka. Wa nne aliandika hivi: "Nimepiga kengele kanisani miaka arobaini. Msiolia, rudieni mwisho, mhesabu."

Mhesabu. Neno hilo lilinichoma. Mimi ni mtu wa mizani. Hakuna mwalimu aliyenifundisha ushairi, nilijifunza mwenyewe, nikihesabu silabi kwa vidole kwenye basi la kwenda kazini Barking. Mshororo wenye mizani saba panapotakiwa nane unaniwasha kama upupu. Nani huyu wa kuniambia mimi nihesabu?

Shangazi hurekodi kila kipindi kwa sababu ya zamu zake hospitalini. Nikarudisha kanda nyuma, nikafumba macho, nikanyoosha vidole. Kengele ya kwanza, ya pili, ya tatu, ya nne, ya tano. Kisha kimya. Kimya cha urefu wa kengele moja na biskuti. Halafu tano tena, na kimya kile kile. Mara tatu.

Hawakuwa wanapiga tano. Walikuwa wanapiga sita, na ya sita walikuwa wanaisubiri.

Mzee Norman, asiyejua mizani ni nini, alikuwa amesikia mara moja. Mimi nilikuwa nahesabu waombolezaji.

Jumamosi nilishuka, nikabisha. Mzee Norman alifungua mlango nusu.

"Mguu unanisumbua," alisema kabla sijauliza. "Ngazi zile ni nyingi."

"Kesho nitasoma shairi. La Ambrose."

"Kwa lugha gani?"

"Kiswahili."

"Basi sitaelewa kitu."

"Hutaelewa. Lakini nilikosea, na kwa Kiingereza nimeshasema ya kutosha."

Alinitazama kama abiria asiye na tiketi. "Tutaona mguu utasemaje," akafunga mlango.

Kesho yake chapati ziliiva saa kumi na mbili. Ilipofika na robo, Shangazi alizifunika kwa kitambaa na kuvuta sahani upande wake. Ilipofika na dakika ishirini na tano, Natasha alizima redio. Ngazi zikalia, hatua moja, pumziko, hatua nyingine.

"Mguu umekubali," Mzee Norman alisema mlangoni. "Umesema ukichoshwa utarudi wenyewe."

Nikasimama, nikasoma:

*Kamba zenu zilikuwa, sita zilizopangana,*
*Mmoja akichelewa, wenzake wakigombana,*
*Leo moja yangojewa, tano zinaitikana,*
*Mahali pameachiwa...*

Nikanyamaza. Kipande cha mwisho sikukiandika. Nilikihesabu kwa vidole nyuma ya mgongo, mizani nane za kimya. Natasha alifungua mdomo ili atafsiri, Mzee Norman akainua mkono kumzuia. Kichwa chake kilikuwa kimeinama upande mmoja, kama anayesikiliza injini.

Sita. Saba. Nane.

Halafu, kwa kuchelewa, mzee akagonga kikombe chake kwa kijiko. Ting.

Shangazi ndiye aliyeangua kicheko kwanza, kisha Natasha, kisha mzee mwenyewe, akifuta macho kwa kofia. Sahani ya chapati ikasukumwa upande wangu, mbili za juu zikiwa bado na joto.

"Miaka thelathini nilichelewesha basi kila siku," Mzee Norman alisema, akijitengeneza kitini, "na hakuna aliyenitungia hata mstari mmoja. Sasa keti, kijana. Kinaanza."