Barua ya Ruhusa ya Laurette

Saa kumi na mbili kasorobo asubuhi, Jumamosi ya kwanza baada ya Pasaka, basi lilikuwa limeegeshwa mbele ya ukumbi wa kanisa, Neasden, na watoto thelathini walikwisha kuketi ndani. Walikuwa wanafunzi wa shule ya Kiswahili ya Jumamosi, wengi wao wazaliwa wa Landani, wazazi wao wakiwa wametoka Bukavu na Uvira. Safari yao ilikuwa ya siku nne: Brussels, kisha Cologne, kisha nyumbani. Meli ya kuvuka kutoka Dover ingeondoka saa nne. Dereva, Singasinga mmoja mzaliwa wa Kisumu aitwaye Jasmeet, alikuwa ameonya mara mbili kwamba saa kumi na mbili na nusu magurudumu lazima yawe yanazunguka.

Mwalimu Albert Mushagalusa, aliyeongoza safari hiyo, alisimama mlangoni mwa basi akiwa na faili. Kwa kila mtoto alidai vitu viwili: paspoti, ambayo angeitunza mwenyewe mpaka mwisho wa safari, na barua ya ruhusa iliyoandikwa na mzazi kwa mkono wake. Barua iliyopigwa chapa aliirudisha. Wazazi walinung'unika, naye akawajibu kwamba mtu anayemkabidhi mwenzake mtoto hashindwi kuketi na kuandika mistari sita.

Aliyekuwa bado ni mmoja tu, Laurette, msichana wa miaka kumi na minne. Alikuja mbio, peke yake, begi likimpiga mgongoni.

"Jambo, Mwalimu. Unisamehe, nimechelewa. Mama ameenda kazini mapema, ndiyo maana barua nimeileta mimi."

Mwalimu alimtazama. Kwa miaka mitatu msichana huyu alikuwa akielewa Kiswahili chote na kujibu kwa Kiingereza, hata alipokuwa akikaripiwa. Leo Kiswahili kilimtoka bila kuombwa.

Akaifungua barua. Ilisema kwamba Sidonie, mama mzazi wa Laurette, anamruhusu binti yake kusafiri na shule. Lugha haikuwa na kasoro. Mwandiko ulikuwa safi, herufi zimesimama wima, mikia imefungwa vizuri, kila nukta mahali pake. Aliisoma mara ya pili, na safari hii akautambua. Mwandiko ule ulikuwa wake mwenyewe. Ndio aliowafundisha watoto ubaoni kila Jumamosi.

Wa Sidonie aliujua pia. Alimfundisha darasa la tatu katika shule ya misheni nje ya Bukavu. Sidonie alikuwa mtoto wa mkono wa kushoto, na sheria ya shule ilikuwa mkono wa kulia; mwaka mzima Mwalimu aliitekeleza sheria hiyo kwa rula. Mtoto akautumia mkono wa kulia, lakini tangu hapo herufi zake zililala nyuma, kama watu wanaoegemea ukuta. Mwalimu hakujivunia rula ile. Aliikunja barua.

"Nani ameandika hii?"

"Mama."

"Nakuuliza mara ya pili, Laurette. Ya tatu sitauliza."

Dirisha la basi likafunguliwa na Cédric, mwenye mdomo kuliko wote, akatoa kichwa. "Lala, panda bwana! Unangoja tukutandikie zulia?"

Watoto wakacheka. Laurette, ambaye wote walimwita Lala, hakugeuka.

"Niliandika mimi," alisema. "Papa yuko hospitali Brussels. Jumatatu wanampasua tumbo. Mama nilimwambia, akasema hapana, na safari nisiende tena. Akifa je, Mwalimu? Akifa kabla sijamwona?"

Mwalimu alijua habari za nyumba ile. Usharika wote ulizijua. Miaka minne iliyopita, baba huyo, Serge, alimchukua mtoto kwenye lango la shule na kukaa naye Brussels siku kumi na moja bila mama kujua alipo. Ilibidi mahakama iingie kati. Tangu siku hiyo Laurette hakuruhusiwa kutoka nchini bila idhini ya mama yake kwa maandishi.

Alimpigia Sidonie simu. Ilikuwa imezimwa. Sidonie alihudumia wazee katika nyumba moja ya kutunzia watu huko Rayners Lane, na simu za wafanyakazi hufungiwa kabatini mpaka zamu iishe.

Mama Miradie, mwanamke wa kwaya aliyekuja kumsaidia Mwalimu kulea watoto njiani, alikuwa ameshuka na kusikia yote.

"Papa Albert," alisema kwa sauti ya chini, "mtoto anataka kumwona baba yake mgonjwa. Ni dhambi hiyo? Barua iko, inasomeka. Nani atajua?"

"Mimi."

"Wewe ni mtu mmoja!"

"Mmoja anatosha."

Jasmeet akagonga usukani kwa pete yake. "Mwalimu, dakika kumi zimebaki. Hiyo barabara kubwa ikijaa, hiyo meli sisi tutaipungia mkono tu."

Mwalimu alilitazama basi, kisha msichana. Kumchukua kulikuwa uongo. Kumwacha barabarani peke yake kulikuwa ukatili. Kungoja kulikuwa kuwanyima watoto thelathini safari waliyoiimbia kwaya na kuuzia maandazi mwaka mzima.

"Hamniamini," alisema Laurette, machozi yakimtoka. "Basi muulizeni mwenyewe."

Akapiga namba ya baba yake na kuinua simu ili wote wasikie. Ilipokelewa mara moja, kabla mtu hajafungua kinywa.

"Mtoto wangu! Mmeondoka? Sikiliza vizuri. Paspoti usimwachie yule mzee, mwambie unaitaka. Kesho saa moja asubuhi nitakuwa na gari nyuma ya hoteli. Chumba chako nimeshakipaka rangi!"

Nyuma ya sauti hiyo redio ilikuwa ikiimba na kitu kilikuwa kikikaangwa. Ilikuwa sauti ya mtu mzima wa afya, aliyeamka na furaha.

"Serge," alisema Mwalimu. "Ni Albert Mushagalusa."

Redio ikazimwa.

"Mwalimu," Serge alisema hatimaye. "Mahari nilitoa, ng'ombe wote, wewe ulikuwepo. Mtoto ni wa baba. Wewe ni mzee wa kwetu, unajua hivyo."

Mwalimu alijua. Alilelewa hivyo, na watoto wa kaka yake mwenyewe waligawanywa hivyo, naye hakupinga.

"Najua. Lakini huko kwetu sijaona baba aliyemliza mtoto wake kwa ugonjwa wa kubuni."

"Nilisema vile kwa sababu nampenda!"

"Mwambie mwenyewe. Anakusikia."

"Lala?" Sauti ilibadilika. "Lala, uko hapo?"

Laurette alikuwa akiitazama simu kana kwamba ameiokota. "Na tumbo, Papa?"

"Nitakueleza ukifika, mtoto wangu. Wewe fika tu."

Laurette akaikata simu.

Mwalimu aliliweka faili na mfuko wa paspoti mikononi mwa Mama Miradie. "Kila wanaposhuka na kila wanapopanda, usihesabu vichwa. Ita majina, na umwone usoni kila anayeitika. Mimi nampeleka huyu kwa mama yake. Nikipata treni, nitawakuta Brussels kesho. Nisipopata, mwalimu ni wewe."

"Mimi? Ee Yesu!" Lakini alipanda.

Basi liliondoka dakika moja baada ya muda. Cédric alikuwa bado dirishani.

Wazee na vijana wachache waliokuwa kwenye treni ya asubuhi hiyo walimwona babu mwenye koti la suti na msichana mwenye begi, wameketi bega kwa bega. Walipobadilisha treni Wembley Park, Laurette aliuliza, "Utamwambia Mama?"

"Utamwambia wewe. Mimi nitakuwa nimesimama hapo."

Sidonie aliitwa mlangoni mwa nyumba ile ya wazee akiwa bado na aproni ya plastiki. Alipowaona wawili hao akashika fremu ya mlango. "Nani amekufa?"

"Hakuna aliyekufa," alisema Mwalimu, kisha akasogea kando.

Laurette alieleza yote: barua, simu, gari nyuma ya hoteli, chumba chenye rangi. Kiswahili kilimkwama mara kadhaa, akakirudia. Mama yake hakumkatiza. Alivua glavu moja, kisha ya pili.

"Ungerudi?" aliuliza.

Mtoto alimtazama Mwalimu, lakini Mwalimu alikuwa ameinamisha macho. Jibu hili halikuwa lake kulidai.

"Sijui, Mama."

Ndani, kengele ya mzee mmoja ililia, ikanyamaza, ikalia tena. Sidonie akausukuma mlango kwa mgongo na kuushikilia wazi.

"Zamu yangu inaisha saa nane," alisema. "Ingia. Ukae pale ninapokuona."