Pembe za Mkuu wa Shule

Kati ya majanga yote yaliyowahi kuikumba shule ile ya bweni, kule milimani juu ya Same, likiwemo lile la panya ndani ya sufuria ya maharage, hakuna lililoanza kwa heshima kama hili. Lilianza kwa shikamoo.

Tumainieli wa Kidato cha Pili alikuwa na shida moja tu duniani: hakuwa na jina. La mdomo alikuwa nalo, refu na la ubatizo. Alilolikosa ni jina la mikono. Tangu Beatha, binti kiziwi kutoka kijiji cha Mamba, ahamie darasani kwao mwezi wa kwanza, kila mtu wa maana alikuwa ameshapewa ishara yake. Rogathe, rafiki yake wa kitanda cha juu, aliitwa kwa kugusa kidevu, penye kovu. Matroni aliitwa kwa kutikisa funguo. Mkuu wa shule, Mwalimu Melkizedeki, aliitwa kwa kuchora kitambi hewani, na hakuna aliyemwambia. Tena jina hilo mtu hajipi; anapewa na kiziwi mwenyewe. Tumainieli alichana nywele, akajipitishapitisha mbele ya Beatha wiki saba nzima. Beatha akamwandikia kwenye daftari: "Bado sijakuona vizuri."

Hapo ndipo Mwalimu Melkizedeki alipomwita ofisini.

"Jumamosi babu yake Beatha anakuja kututembelea. Naye hasikii. Mzee wa miaka themanini siwezi kumpungia mkono kama nasimamisha basi la Arusha. Nasikia wewe hizo ishara unazijua. Shikamoo yao ikoje?"

Tumainieli alizijua ishara nane, tano kati yake zikihusu chakula. Angeweza kusema hajui. Lakini kuna nafasi ambazo kijana hapewi mara mbili.

"Shikamoo, Mwalimu? Rahisi sana." Akaweka vidole viwili kichwani kama pembe, akainama, akaparua sakafu kwa mguu mara mbili.

"Na mguu pia?"

"Mguu ndio heshima yenyewe, Mwalimu."

Alitegemea kicheko kidogo cha bwenini. Alisahau kwamba Mwalimu Melkizedeki ni mtu wa bidii. Kesho yake paredi, wanafunzi mia nne walifundishwa salamu hiyo safu kwa safu, mpaka vumbi likatimka. Beatha akaitazama shule nzima ilivyogeuka zizi la mbuzi. Akamtafuta Tumainieli kwa macho. Tumainieli, akidhani hatimaye ameonekana vizuri, akatabasamu.

Beatha akafumba macho.

Asiyemjua kiziwi hawezi kuelewa ukali wa adhabu hiyo. Mtu anayesikia akikununia, bado utabembeleza na sauti itamfikia. Kiziwi akifumba macho, huna pa kubishia hodi. Siku tatu Tumainieli aliinua mikono, na siku tatu kope zile zilishuka.

"Anasema hivi," Rogathe alimletea ujumbe, akijiona balozi. "Ile ni lugha yake, siyo vichekesho vyako. Babu akisalimiwa kibuzi, jina usahau. Mpaka umalize shule."

"Si amwambie Mwalimu mwenyewe?"

"Anasema mbuzi ni wako, ukamfunge wewe."

Ijumaa Tumainieli alifika mlango wa ofisi mara nne. Mara zote nne alimkuta Mwalimu mbele ya kioo, pembe zimesimama, uso umejaa furaha. Mara zote nne akarudi kimyakimya.

Jumamosi mzee akashuka kwenye bodaboda na kiroba cha tangawizi. Bendi ya tarumbeta ikalipuka. Mwalimu Melkizedeki, koti limefungwa vifungo vyote, akaanza kumwendea mgeni, vidole vikijiandaa.

"Mwalimu, usifanye!" Tumainieli alipiga kelele kutoka safu ya nyuma. Tarumbeta zikaimeza sauti. Akapunga mikono. Akaweka pembe kichwani, kisha akazifyeka kwa kiganja, maana yake: pembe hapana! Mwalimu akamwona, akaitikia kwa kichwa kama mtu aliyekumbushwa jambo, akainama zaidi.

Tumainieli akatimua mbio. Alipasua kwaya katikati, akaruka maua, akajitupa kati ya Mwalimu na mgeni. Bendi ikakatika kwa mshangao, kwa hiyo shule nzima ikasikia:

"Ni mbuzi, Mwalimu!"

"Nani mbuzi?"

"Mimi! Yaani ile salamu. Niliitunga. Ya kweli siijui, sijawahi kuijua."

Vidole vya Mwalimu vilikuwa bado kichwani.

Mzee alikuwa anatikisika mabega. Beatha alishampigia simu ya video tangu Alhamisi, kwa simu ya Matroni, na habari yote alikuwa nayo. Mzee akajiwekea pembe zake mwenyewe, akauliza kwa nyusi: yuko wapi huyo mbuzi? Beatha akamnyooshea Tumainieli kidole. Kisha akamfundisha Mwalimu shikamoo ya kweli, ambayo haina mguu hata mmoja, na mzee akaitikia.

Adhabu ilikuwa kulima bustani ya tangawizi wiki mbili, "kwa mikono hiyohiyo," alisema Mwalimu. Siku ya tatu Beatha akaja, macho wazi. Akamkagua taratibu, toka matope ya miguuni mpaka masikioni. Halafu akaweka vidole viwili kichwani.

Tumainieli akageuka nyuma kutafuta mbuzi. Hakukuwa na mbuzi.

Akatupa jembe, akaanza kulikatia rufaa jina hilo kwa mikono yote miwili, kwa ishara zake zote nane, zikiwemo za wali na ndizi.

Beatha akafumba jicho. Moja tu.