Muziki wa Bei ya Mkate

Jina la Kiherehere alipewa na mama yake kabla hajaota meno yote, na halijamtoka mpaka leo. Alikuwa mtoto asiyekaa. Ukimweka mkekani, unamkuta mlangoni. Ukimfungia ndani, unamsikia juu ya kabati. "Huyu amezaliwa amekalia kaa la moto," mama alikuwa akiwaambia majirani. Kitu kimoja tu kilimpendeza kupita kukimbia, nacho ni fidla, na hata hiyo alijifunza huku akizunguka chumba kizima, mwalimu wake akimfuata nyuma na kitabu cha nota kama mtu anayefukuza kuku.

Alikua, akawa mpiga fidla katika okestra ya ukumbi mkubwa wa mjini, ule wenye ngazi za mawe, zulia jekundu na bawabu mwenye glavu nyeupe. Huko ilibidi akae, na alikaa, ingawa chini ya kiti miguu yake haikuacha kugombana.

Siku moja alikwenda kufanyia mazoezi kwa mama yake, maana kwake mafundi wa bomba walikuwa wamebomoa nusu ya ukuta. Katikati ya wimbo akaona kiu, akafungua mlango wa chumba ghafla kama kawaida yake. Akamkuta mama amesimama koridoni, sikio limeegemea mlango, sweta alilokuwa akilifuma linaning'inia mkononi.

"Mama! Si uingie tu?"

"Nikiingia unaacha kupiga, unaanza kuniuliza kama nimekunywa dawa."

"Basi njoo ukumbini, unisikilize mpaka uchoke."

Mama akacheka kidogo. "Kwa tiketi zile? Tiketi moja ni unga wa wiki. Wewe piga, mwanangu. Mlango wenyewe ni mwembamba, nasikia vizuri."

Kiherehere alirudi chumbani, lakini hakuirudisha fidla begani. Miaka yote hiyo alikuwa akiwapigia watu asiowajua, na aliyemnunulia fidla ya kwanza kwa kufuma masweta ya watu alikuwa akimsikiliza kwa kuibia, kama mdaku. Hakumaliza hata mazoezi. Aliweka fidla kwenye kasha, akatoka mbio mpaka kwenye karakana ya mdogo wake seremala.

"Jumapili huwa unafunga, si ndiyo?" alimuuliza hata kabla ya salamu.

"Ndiyo, dada. Shikamoo kwanza. Napumzika."

"Marahaba. Utapumzika ukizeeka. Nipe funguo."

Kutoka hapo akaenda moja kwa moja kwa mpiga piano wa okestra. Huyo watu walimwita Mzee Taratibu, kwa sababu hata chafya alikuwa akiipiga kwa mafungu. Alikuwa na piano yake mwenyewe nyumbani, ya mbao nyeusi, aliyoipenda kuliko baadhi ya ndugu zake. Kiherehere alimweleza wazo lake akiwa amesimama, akikaa, akisimama tena: muziki ule ule wa ukumbini, wapigaji wale wale, lakini karakanani, Jumapili alasiri, kwa kila atakayetaka.

"Na piano yangu itafikaje?" Mzee Taratibu aliuliza.

"Kwa mkokoteni."

Mzee aliipangusa piano yake, kitufe kimoja kimoja. "Kwa mkokoteni," akarudia hatimaye. "Sawa. Lakini usukumwe na watu, siyo na wewe."

Kuhusu kiingilio, Kiherehere alitaka iwe bure. Mama ndiye aliyekataa. "Cha bure watu hukijia huku akili iko kwingine," alisema bila kuinua macho kwenye ufumaji wake. "Weka bei ya mkate. Asiye na bei ya mkate mwingize, lakini asijue kama umejua."

Ndivyo yalivyoanza yale ambayo mtaa mzima uliyaita Muziki wa Mkate.

Jumapili ya kwanza watu walikaa popote palipokalika: juu ya mbao, kwenye meza zisizopigwa msasa, na familia moja nzima ikajipanga juu ya kitanda kipya cha mteja. Baba wa familia hiyo alisinzia kipande cha pili kilipoanza, akaamka wakati wa makofi, akauliza kitanda ni bei gani. Seremala akafanya biashara siku aliyodhani atapata hasara. Mama alikaa mbele kabisa na sindano zake za kufumia, na kila Kiherehere alipoinua macho alimwona akitikisa kichwa, mara kwa muziki, mara kwa mshono uliomtoroka.

Na Kiherehere mwenyewe? Wimbo ambao fidla haimo, alikuwa nje, anahesabu vichwa vilivyosimama dirishani. Akirudi, anasogeza benchi. Likishasogea, anaenda kutazama kama mawingu yanakuja, kwa sababu mvua juu ya yale mabati ingeweza kuimeza piano nzima nzima.

Waliofika wakawaleta wenzao. Karakana ikafurika, wakahamia bwalo la shule; mwalimu mkuu mpya akaingia, akasema viti vinavunjika, wakatoka. Wakahamia gereji la mabasi, na huko ndiko walikodumu. Lilikuwa baridi, lilinuka dizeli, lakini lilikuwa na dari la juu sana, na sauti ya selo, ile fidla kubwa inayopigwa mtu akiwa amekaa, ilizunguka humo kama nyuki kwenye mtungi. Mafundi wa magari walikuja na nguo zao za kazi. Kutoka kiwanda cha kufulia nguo, ng'ambo ya barabara, walikuja wanawake ambao vidole vyao vilikuwa vimekunjamana kwa maji na sabuni. Walipiga makofi kila muziki uliponyamaza, hata pale ulipokuwa unavuta pumzi tu, na hakuna aliyewakemea. Kiherehere aliacha kazi ya okestra ili ahangaike na gereji. Alifundisha watoto fidla siku za kazi, na Jumapili alikimbia.

Miaka ikapita hivyo. Kisha, asubuhi moja, Mzee Taratibu akaja kwake bila kuitwa, jambo ambalo halikuwa kawaida yake.

"Meneja wa ukumbi mkubwa ameniita," alisema. "Viti vyake vimekuwa vitupu. Wenye pesa wamehamia mambo mengine. Anataka Muziki wa Mkate uhamie kwake, kila Jumapili."

"Hapana."

"Sijamaliza."

"Mimi nimemaliza, mzee wangu. Pale? Ambapo mama yangu hakuwahi kukanyaga?"

Mzee Taratibu aliinyoosha mikono yake miwili mezani. Viungo vya vidole vilikuwa vimevimba kama mafundo ya kamba. "Itazame. Hiyo ni baridi ya gereji. Sikulaumu, nilikuja mwenyewe. Lakini ule ukumbi una joto, una piano ambayo haisukumwi na mtu. Na mama yako, umemuuliza?"

Kiherehere alikuwa ameshafika dirishani, akarudi, akaenda tena. Hakuwa amemuuliza. Wala hakudhani kuna haja.

Alimkuta mama anakunjua uzi. Alimwambia habari yote kwa pumzi moja, tena kwa namna ya mtu anayetaka kuungwa mkono: kiburi cha wale watu, bawabu na glavu zake, zulia lile.

Mama alimsikiliza mpaka mwisho. "Nataka kwenda," alisema.

"Wapi?"

"Ukumbini. Nimetamani kupaona tangu siku uliyopata kazi pale. Nani alikwambia sipataki? Nilisema tiketi ni ghali, sikusema moyo umekataa. Wewe ndiye umepasusia kwa niaba yangu, miaka yote hii, na mimi nikanyamaza kwa sababu nilikuona una furaha ya hasira."

Kwa mara ya kwanza miguu ya Kiherehere ilisimama pamoja. Alihisi aibu, na nyuma ya aibu ikaja haraka, kama kawaida: kama mama anataka, basi itakuwa, na itakuwa kwa masharti yake.

Meneja alikuwa mtu wa tai na sauti laini. Alikubali bei ya mkate, ila alitaka watu wa mkate wakae roshani, juu, na viti vya chini wabaki navyo wafadhili wanaouchangia ukumbi.

"Mama yangu ana magoti mabaya," Kiherehere alisema. "Wa kufulia wanasimama kutwa. Hakuna anayepanda. Atakayefika kwanza akae anapotaka."

"Haiwezekani, dada. Kaa tuzungumze."

Hakukaa. Alizungumza huku akitembea kutoka kabatini hadi mlangoni, mlangoni hadi kabatini, akaeleza, akabishana, akarudia, hata meneja akawa anageuza shingo kama mtu anayetazama mchezo wa tenisi. Mwisho alishika kichwa. "Jaribu Jumapili moja. Moja tu! Lakini tafadhali, utanitobolea zulia."

Jumapili hiyo Kiherehere alikuwa dirishani mapema. Wafadhili waliingia, wakakaa katikati. Saa ya kuanza ikakaribia. Watu wa gereji hawakuonekana. Ndipo alipotazama ng'ambo ya barabara, akawaona: wote, wamevaa nguo zao nzuri, wamesimama wamejibanza kwenye ukuta wa duka lililofungwa, wanazitazama ngazi za mawe. Mafundi walikuwa wamenawa mpaka viwiko vinang'aa. Hakuna aliyevuka.

Alishuka mbio, upinde wa fidla bado mkononi, akavuka barabara bila kutazama magari.

"Mnangoja nini?"

"Tunangoja mmoja atangulie," alisema mkuu wa mafundi, akatazama viatu vyake.

"Na huko ndani mtu anashika nini?" aliuliza mwanamke mmoja wa kufulia. "Tusije tukachafua."

Wakati huo huo teksi ikasimama mbele ya ngazi. Seremala akashuka, akamtoa mama yao, na mfuko wake wa uzi. Mama alizitazama ngazi zile kutoka chini hadi juu, polepole, kama mtu anayesoma. Bawabu alishuka. Kiherehere akakaza mkono kwenye upinde.

Bawabu alivua glavu yake moja, akampa mama mkono mtupu. "Pole pole, mama. Ya tatu ina ufa."

Wakapanda. Ng'ambo ya barabara mtu akacheka kama aliyeshusha pumzi, kisha watu wakaanza kuvuka, wawili wawili, kisha wote.

Sehemu ya kwanza ya muziki ilipoisha, wanawake wa kufulia walipiga makofi. Kutoka katikati ya ukumbi, ambako desturi ni kungoja mpaka muziki wote uishe, mtu akafanya "Ssss!" kwa ukali. Makofi yakakatika. Jukwaani, Kiherehere akashusha fidla begani. Alikuwa anataka kusimama.

Mama aligeuka kwenye kiti chake cha mbele, sindano mkononi. "Kuna nyoka humu?" aliuliza kwa sauti.

Kicheko kilianzia kwa mafundi, kikapita kwa wafadhili, kikamfika hata meneja aliyekuwa amejificha nyuma ya pazia. Makofi yalirudi maradufu. Mzee Taratibu alisubiri yaishe yenyewe, akapasha vidole vyake moto kwa pumzi, kwa mazoea ya gereji, akaendelea.

Meneja hakusema tena habari ya roshani. Muziki wa Mkate ukabaki pale, na mama akawa na kiti chake, na wanawake wa kufulia wakaanza kuleta wakwe zao.

Lakini mafundi walipungua. Jumapili hii wanne hawapo, ijayo saba. Kiherehere hakuweza kuvumilia. Alikwenda gerejini, akamkuta mkuu wao chini ya basi, miguu tu ndiyo inaonekana.

"Tumekukosea nini?" aliiuliza ile miguu.

"Hakuna kosa, dada," sauti ilijibu. "Kule ni kuzuri sana. Lakini sisi Jumapili tunatoka kazini alasiri ile ile. Mpaka tunawe, tubadili nguo, tufike, mmeshamaliza. Hapa tulikuwa tunazima injini tu, tunasikiliza."

Alirudi kwa Mzee Taratibu akiwa ameshapanga kila kitu: Jumapili ukumbini, Jumamosi gerejini.

"Mimi na baridi ile tumeachana," alisema mzee. "Sirudi."

"Najua. Sikukuomba wewe. Nimemwomba mpiga selo."

Mzee aliweka kikombe cha chai mezani. "Hata hukuniuliza kwanza?"

"Nimeuliza sasa."

"Hapana, binti yangu, sasa umeniambia." Alisema bila hasira, lakini hakumwaga chai aliyomwandalia wala hakumkaribisha kuinywa, na Kiherehere akaondoka akijua kuna kitu kati yao kitachukua muda kupona.

Jumamosi ya kwanza walikuwa wawili tu, fidla na selo, katikati ya mabasi. Mafundi walizima injini. Seremala alisimamia mlango, na mama hakuja. Alisema amechagua ukumbi wake, na magoti yake yamechagua pia. Walipiga vizuri, ila Kiherehere alikosa piano kila alipofika mahali ambapo ingemjibu.

Walipomaliza, seremala alianza kukunja viti. Alipogeuka, dada yake hakuwepo. Alimwona barabarani, fidla mgongoni, anaelekea kiwanda cha kufulia.

"Dada! Unakwenda wapi tena?"

"Kuna wa zamu ambao Jumapili hawatoki kabisa!" alijibu bila kusimama. "Nawauliza wanakula saa ngapi."

Akasukuma lango la kiwanda kwa bega, akatokomea ndani ya mvuke.