Maelezo ya Zana ya Kumi na Nne

"Soma tena," Nyamizi alisema. "Polepole."

Scola akasoma tena kwenye kompyuta, ingawa maneno yenyewe alishayajua kichwani: ng'ombe saba, boma la Kasansa, mmiliki Malale. Nyamizi, mama wa Litapunga, alikuwa amekaa ukingoni mwa kiti, fimbo katikati ya magoti, na chai aliyopewa hajaigusa.

"Malale alikuwa ananitunzia tu," akasema. "Kwetu malisho yaliisha. Nikampigia huyo Msaidizi wenu, nikamwambia nimepeleka ng'ombe zangu kwa Malale. Akanijibu vizuri kabisa, asante mama, nimeandika. Sasa Malale amefariki, watoto wanagawana urithi. Yule mkubwa, Mwandu, ananionyesha simu, ng'ombe ni za baba yake. Kesho wazee wanakaa Kasansa kuamua. Jumamosi anazipeleka mnadani."

Huyo Msaidizi hakuwa mtu. Ni akili mnemba ya mradi wa kusajili mifugo, uliopanga vyumba viwili pale Shanwe nyuma ya duka la mabati. Mfugaji anapiga simu, Msaidizi anasikiliza, kisha anachagua zana ya kufanyia kazi kwenye daftari la mradi: moja ya kusajili ndama, nyingine ya kubadili boma, nyingine ya kubadili mmiliki. Anachaguaje? Anasoma mistari michache iliyoandikwa chini ya kila zana. Mistari hiyo, zana arobaini na moja kwa wiki moja, iliandikwa na Scola.

Alipewa kazi hiyo kwa sababu amekulia bomani. Baba yake aliswaga ng'ombe kutoka Usukumani mpaka Katavi, na Scola alijua kukamua kabla hajajua kusoma. Rafaeli, bosi wake, alimwambia kitu kimoja tu: "Andika kama unamwelekeza mgeni aliyeshuka kwenye basi leo asubuhi." Scola akacheka, akakubali, kisha akakaa chini akaandika kama anayemwelekeza mjomba wake.

Zana ya kumi na nne, kubadili mmiliki: *Itumike mfugaji akisema amepeleka ng'ombe kwa mtu mwingine.* Basi. Akaona imetosha, akaenda ya kumi na tano.

Maana ni mtoto gani wa Kisukuma anayehitaji kuambiwa kwamba ng'ombe wa kuwekesha anabaki wa mwenyewe? Anayemtunza anakunywa maziwa, anapata samadi ya shamba, na miaka ikipita anapewa mtamba kwa shukrani. Ng'ombe ni wako hata akikaa huko miaka ishirini. Kumweleza mtu jambo hilo ni kama kumtukana. Lakini Msaidizi hakuwa na mjomba wala boma. Alikuwa na mstari mmoja, akaufuata.

Scola akatoka kwenda barazani kumpigia Rafaeli.

"Rekebisha hayo maelezo," Rafaeli alisema alipomaliza kusikiliza. "Lakini kumbukumbu za mfumo usizitoe nje. Wafadhili wanakuja mwezi ujao, na mkataba wako unaisha mwezi huohuo. Unanielewa?"

"Na huyu mama?"

"Alete shahidi."

"Shahidi wake ndiye aliyekufa, kaka."

"Usijiharibie, Scola," Rafaeli akasema, akakata simu.

Scola akarudi mezani, akafungua zana ya kumi na nne. Safari hii alimwandikia mgeni. *Usiitumie kwa sababu tu mfugaji amesema "nimepeleka" au "nimeweka". Kwanza muulize: umempa ziwe zake, au akutunzie? Kama ni kutunza, badili boma, mmiliki abaki yuleyule. Usipopata jibu, usibadili kitu.* Akajaribu kwa maneno yaleyale ya Nyamizi. Msaidizi akauliza swali mara ya kwanza tu, kwa adabu. Hapo ndipo Scola alipoumia kweli. Ilikuwa kazi ya dakika tano.

"Huyo Msaidizi ana chuki na mimi?" Nyamizi akauliza.

"Hapana, mayu," Scola akajibu, akimwita mama kwa Kisukuma. "Alifanya nilivyomwandikia."

"Wewe?"

"Mimi."

Mama akamwangalia. Scola alisubiri agombezwe, ingekuwa nafuu.

"Wewe ni mtoto wa nani?"

"Wa mzee Doto, wa Litapunga hukohuko."

"Doto namjua. Kwa hiyo unajua kuwekesha."

"Najua."

"Sasa mbona hukuandika?"

"Kwa sababu najua, mayu. Niliona kila mtu anajua."

Scola akachapa karatasi kutoka kwenye zilezile kumbukumbu za mfumo. Ilikuwa na tarehe, maneno ya Nyamizi kama alivyoyasema kwenye simu, sababu aliyoitoa Msaidizi, maelezo ya zamani na jina la mwandishi. Chini yake akaandika kwa kalamu: *Kosa ni langu. Ng'ombe hawa hawakutolewa, waliwekeshwa.* Akasaini, akaongeza namba yake ya simu.

Nyamizi alipokea karatasi kwa mikono miwili. Kusoma hakujua. "Jina lako liko wapi?"

Scola akamwonyesha. Mama akaweka kidole gumba juu ya jina, akakiacha pale.

"Watakubali?"

"Sijui, mayu."

"Mwandu atauliza maswali. Ana maneno mengi yule. Mimi nitajibu nini juu ya hii karatasi?"

Simu ya Scola ikaanza kutetemeka mezani. Jina la Rafaeli likawaka, likazima, likawaka tena. Scola akaifunika kwa kiganja.

"Basi la Kasansa tunalipanda saa ngapi?" akauliza.

"Saa kumi na mbili asubuhi. Ukichelewa linakuacha."

Nyamizi akanyoosha mkono wa kushoto, akachukua kikombe, akaanza kunywa ile chai iliyokwisha kupoa. Gumba la mkono wa kulia halikutoka kwenye karatasi.