Mlamula wa Kishanda

Mume wangu Zahoro alikuwa amefika kila mahali ambako meli au gari moshi lingeweza kumfikisha: Mombasa, Nairobi, Kampala, Usumbura. Kila alikotoka alirudi na mche uliofungwa kwenye gunia bichi, na ua wetu wa Kashai ukajaa mimea ambayo faida yake waliijua mbuzi tu. Kazi yake ilikuwa udalali. Alianza na nyumba za mjini, kisha kahawa ilipopanda bei baada ya vita akahamia kwenye vibanja, mashamba yetu ya migomba na mibuni. Mimi ni Mhaya. Yeye baba yake alitoka Tanga. Nilimwambia kibanja si chumba cha kupangisha. Alicheka, maana ulimi wangu alishauzoea.

Mteja aliyempenda kuliko wote alikuwa Kokubanza. Mama huyo alikaa Kampala miaka mingi, kwa kazi iliyofanya watu wamseme sana, akarudi anataka ardhi. Kwetu binti harithi kibanja cha baba yake, lakini alichonunua ni chake. Zahoro akamtafutia kimoja Kishanda, huko Muleba, kwa mzee asiye na mtoto. Kokubanza akamleta mama yake mgonjwa, na alipofariki akamzika nyuma ya nyumba, kwenye migomba.

"Sada, nami mtanilaza hapo kando yake," aliniambia. Hakutaka kingine duniani.

Kisha akapanda meli kwenda Kampala kumaliza mambo yake, akaugua huko, akakaa sana. Kibanja alimwachia Zahoro akiangalie. Mume wangu akaona haipendezi kaburi kutazamana na jiko. Akapanda mlamula kati ya hivyo viwili, ule mmea mrefu wa majani membamba, mstari ulionyooka kutoka ubavu huu wa kibanja hadi ule. Nairobi aliuona kwenye bustani za Wazungu, akaupenda.

Kwetu hata mtoto anajua kwamba mstari wa mlamula ni mpaka. Zahoro naye alijua, alitembea kwenye mipaka hiyo kila wiki. Ila mbele ya mmea akili yake ilikuwa inakwenda likizo. Nilipopata habari, mlamula ulikuwa umeshashika mizizi, na mzee aliyeuza amekufa. Mrithi wake wa ukoo, Kashaija, alikuwa tayari anakata ndizi upande wa kaburi.

Kokubanza aliporudi akashtaki kwa mkungu, mkuu wa kijiji. Mashahidi wa mauzo wote walikuwa ukoo wa Kashaija, na siku hiyo wote walikuwa wamesahau. Mkungu akatembea hadi kwenye mstari.

"Mlamula huu kaupanda nani?"

"Mimi, Waitu," Zahoro akajibu kwa heshima ya Kihaya. "Nilitaka papendeze."

"Na kibanja ulikiuza wewe?"

"Mimi."

"Basi dalali mwenyewe ametuonyesha alipoishia kuuza. Tubishane nini tena?"

Zahoro akauvamia mche wa kwanza aung'oe, wanaume wakamshika mikono. Kung'oa mlamula ni kosa la kumfukuzisha mtu kijijini. Kokubanza hakulia.

"Zahoro," akasema, "ungenipandia maua."

Baada ya hapo mume wangu aliacha udalali, akawa mchukuzi wa magunia ya kahawa pale bandarini. Meli zilikuja na kuondoka, naye hakupanda hata moja. Mimea yote ya uani aliing'oa, hata mchaichai wangu. Nilikuwa na hasira naye na nilimwonea huruma, vyote kwa pamoja, na sikujua nianze na kipi.

Mwaka uliofuata Kokubanza akafa. Zahoro alimpigia magoti Kashaija mbele za watu. Kashaija akasema kibanjani kwake hazikwi mgeni.

Mume wangu akachukua jembe mwenyewe. Alichimba upande wa nyumba, akiusogelea mstari kadiri alivyoweza, huku mkungu amesimama akimwangalia. Shimo lilipofika magotini, jembe likagusa mizizi ya mlamula.

"Sogea huku," mkungu akasema. "Huo haukatwi."

Zahoro akatoka shimoni. Akalifukia taratibu, akaenda kuchimba upya karibu na jiko, mbali zaidi na mama yake Kokubanza.